Kasoro Mbili Alizozitaja Abti

Habari hii nimeiandika mara tatu katika daftari langu, na mara mbili nimeirarua, kwa sababu nilipoisoma niliona nimejipendelea. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, na mtu aliyesoma kidogo akikasirika huandika kama anayepiga kelele. Sasa nimepoa kidogo. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, na wa kwanza awe abti wangu.

Abti kwetu ni kaka wa mama. Mimi namwita abti, naye ananiita abti vilevile, ndivyo tunavyoitana. Baba yangu alipofariki nilikuwa mdogo, na ni yeye aliyenishika mkono kwenda kaburini na kurudi. Ni yeye pia aliyenifundisha kuendesha gari, katika lori la ng'ombe, akinipiga kofi la kisogo kila nilipokwaruza gia. Hayo siwezi kuyafuta kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Kazi yake ni udalali wa ngamia katika soko la mifugo hapa Garissa, na jina lake huko ni jina safi. Kuna desturi moja ambayo yeye huishika kuliko wengine wote. Kabla bei haijazungumzwa, dalali husimama mbele ya mnyama na kutaja kasoro zake kwa sauti, watu wasikie. Huyu anapiga teke. Huyu aliwahi kutupa mimba. Huyu jicho la kushoto haoni vizuri jua likizama. Akimaliza, basi amemaliza: kasoro ambayo hakuitaja ni kana kwamba haipo, na ikionekana baadaye mnyama hurudishwa. Nimekua nikiona wazee wakinunua ngamia bila kumgusa, kwa kumsikiliza abti tu.

Mke wangu anauza maziwa ya ngamia. Maziwa yenyewe yako kambini kwa wafugaji, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa njia ya vumbi upande wa Hulugho, na basi la Nairobi linaloyapeleka huondoka mjini saa nne asubuhi. Ukilikosa basi, jua letu unalijua, mpaka adhuhuri maziwa yameshaanza kuchacha. Miaka yote tulikuwa tukikodi gari la mtu, na mtu huyo siku akipata mzigo wa miraa alikuwa hatuoni. Wanawake wa kambini wakaanza kusema watampa mama mwingine maziwa yao. Ndipo mke wangu akavua bangili zake za harusi, akaziuza, akaniambia, "Tafuta pikapu ya dizeli. Nzee si kitu. Mimi pia ni mzee na ninafanya kazi."

Nilitafuta karibu miezi miwili. Kwa bei yetu nilionyeshwa magari ambayo hata kuku angekataa kulala ndani. Mwishowe nikamwambia abti. Siku ya tatu akanipigia simu. "Abti, nimepata. Dizeli, mashine ile ya zamani haijui kufa. Njoo kesho saa saba."

Mke wangu akasema, "Chukua fundi."

"Nikienda na fundi, abti atasema simwamini."

"Kwani huyo fundi anauma?"

Sikwenda na fundi. Hapo kosa ni langu, na nimelipigia mstari.

Gari lilikuwa limesimama uani kwa mwenyewe, mfanyabiashara ambaye ni shemeji wa abti, juani kabisa. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akinunua dizeli kuukuu ashike kwanza boneti: ikiwa na moto, ujue mwenye gari ameshaipasha injini, anaficha kitu. Nikaishika. Ilikuwa moto nusura iniunguze. Lakini Garissa, saa saba mchana, ni chuma gani kisicho moto? Hata kofuli ya lango ilikuwa inaunguza. Nikaona aibu, nikapangusa mkono kwenye kikoi kama mtu aliyekuwa akifuta vumbi.

Abti akasimama mbele ya gari, mkono mgongoni, kama anavyosimama mbele ya ngamia. "Kasoro zake," akasema kwa sauti, ingawa tulikuwa watatu tu. "Taa ya nyuma ya kulia haiwaki. Mlango wa dereva unafunguka kwa ndani tu." Nikangoja. Akanitazama. "Basi," akasema.

Nikawasha swichi. Injini ikashika palepale, ikanguruma vizuri. Shemeji mtu akatia mkono chini ya shali ya abti, wakakubaliana bei kwa vidole kama sokoni, tukasoma dua. Nilirudi nyumbani nikipiga honi kama mwenda wazimu. Mke wangu alilizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, akacheka. "Warya, we bwana, umeoa wa pili na hukuniambia!"

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri gari halikuwaka.

Nilidhani ni mimi. Nilifikiri nimesahau kitu, dizeli ina mambo yake. Starta ilizunguka mpaka betri ikachoka, moshi mweupe ukatoka kidogo, basi. Majirani waliotoka msikitini wakatusukuma mpaka barabarani, mara ya tano ndiyo likashika. Tulifika kambini jua limepanda. Basi tulilikuta limeshakwenda. Maziwa ya wanawake tisa yakawa ya kugawa kwa majirani na kumwagia mbuzi.

Fundi wangu, mtu wa Mwingi asiyependa maneno mengi, alisikiliza injini, akafungua, akafunga. "Plagi za kupasha zimekufa zote, hiyo si neno. Lakini mashine yenyewe imeisha pumzi. Ikiwa moto inashika. Ikilala, haiamki. Ulinunua saa ngapi?"

"Saa saba."

"Ilishika mara ya ngapi?"

"Ilishika mara ya kwanza."

Akafuta mikono. "Basi kuna mtu aliiwasha kabla yako."

Nilimtetea abti. Nilimwambia mke wangu kwamba abti ni mtu wa ngamia, injini ataijulia wapi. Kwamba shemeji yake alimdanganya yeye kama alivyotudanganya sisi. Niliyasema haya jioni nyingi na niliyaamini. Mke wangu kila alfajiri alikuwa akitoka amevaa viatu badala ya kandambili, ili apate kusukuma. Wiki ya pili wanawake wanne wa kambini walihama kwa mama mwingine.

Kisha abti akapiga simu. Kulikuwa na ngamia jike wa kuuzwa kambini kwetu, mnunuzi ametoka mbali, akaomba tumbebe yeye tukienda. Alikuja baada ya swala ya alfajiri, ananukia uvumba, akaketi mbele. Mke wangu akaketi nyuma na mitungi. Nikawasha. Likakohoa, likanyamaza.

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu tabia za gari. Hilo nataka lieleweke. Nilikuwa nikiona aibu kumlalamikia.

Abti akapitisha mkono dirishani, akaufungua kwa nje mlango wa upande wake, ambao kwa ndani haufunguki, akashuka bila kuulizwa. Akaenda moja kwa moja nyuma, pembe ya kushoto, akamwambia mke wangu ashike ya kulia. Akaniita. "Abti! Weka gia ya pili, si ya kwanza, ya kwanza inaikaba. Kanyaga klachi. Usiachie mpaka niseme. Itakohoa mara mbili, hapo usiguse mafuta. Ya tatu ndiyo yenyewe."

Wakasukuma. Likakohoa mara mbili. Mara ya tatu likashika.

Mimi ilinichukua siku kumi kujua kwamba gia ya kwanza inalikaba. Nilimwona mke wangu katika kioo, amesimama katikati ya moshi, anamtazama abti, kisha ananitazama mimi. Njia nzima abti alikuwa akisoma nyiradi zake za asubuhi.

Kambini mnunuzi alikuwa ameshafika, na wazee wanne au watano wameketi juu ya mikeka. Ngamia akaletwa. Abti akasimama mbele yake. Akataja kwamba chuchu moja ya nyuma inatoa kidogo. Akataja kwamba humkataa mkamuaji mgeni. Kisha akainama, akapeleka mkono chini ya tumbo, akaonyesha kovu la zamani lililofunikwa na manyoya, ambalo mwenye ngamia mwenyewe alisema alikuwa ameshalisahau. Mzee mmoja akasema, "Wallahi, huyu mtu angemuuza hata mama yake kwa haki." Watu wakacheka. Abti pia akacheka.

Sijui nani alinipa ulimi. Nilisema, "Abti, na gari? Taja na za gari."

Akasema, "Gari nilishalitaja."

"Ulitaja mbili."

"Abti, tutazungumza nyumbani."

"Zilikuwa ngapi?"

Alinitazama, na niseme ukweli, macho yake hayakuwa ya mwizi. Yalikuwa ya mtu aliyechoka. Mbele ya wazee wale, na desturi yake mwenyewe imesimama pale kama yule ngamia, hakuweza kusema uongo. "Haliwaki likiwa baridi," akasema. "Tuliliwasha asubuhi, tukaliacha lingurume mpaka adhuhuri."

"Ulijua maziwa tunayafuata alfajiri?"

"Nilijua." Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Shemeji yangu alikuwa amelia na gari hilo mwaka mzima, haliuziki. Mtu wa nje angelirudisha siku ya pili na kuniharibia jina. Nikasema nitafute mtu mwenye moyo. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Nilijua hutanipeleka kwa wazee."

Mke wangu alikuwa anafunga mtungi. Aliukaza mfuniko, akasema bila kuinua kichwa, "Basi amekuleta wewe mwenyewe kwa wazee, na amekubeba bure."

Wazee walisikia, na kasoro iliyofichwa ikishajulikana mbele ya watu kitu hurudi. Haikuchukua siku nyingi. Gari likarudi kwa shemeji wa abti, na tulichotoa tukarudishiwa. Lakini aliyezinunua bangili alikuwa ameshaziuza kwa mtu mwingine. Tumerudi kukodi lile gari la mwanzo, na mwenyewe sasa anatucheka kwanza ndipo anawasha. Abti siku ile hakupanda nasi kurudi, alisema atangoja gari jingine. Sokoni nasikia wapo wanaomuuliza, akimaliza kutaja kasoro, "Na ya gari je?" Hilo sikulitaka. Au nililitaka, nimekaa nalo sana na sijui.

Hooyo, mama yangu, hakula kwangu wiki mbili. "Ungemwuliza uani kwake. Ungemwuliza kwa simu. Ulimvua nguo kaka yangu mbele ya watu wa kambi." Nikamwuliza, uani kwake angenijibu nini? Lakini nilipofikiri peke yangu niliona ana upande wa haki: nilimwuliza pale kwa sababu nilijua pale hawezi kutoroka. Nami pia nilijua moyo wake, nikautumia.

Kwa hiyo Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda kwake. Nilimwambia siombi msamaha kwa swali, naomba msamaha kwa mahali nilipoliulizia. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima ili yasizidi wala yasipungue. Alinisikiliza, akanimiminia chai ya maziwa, akanisogezea sukari. Nilingoja. Nilidhani na yeye sasa atasema lake.

Akaniwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akifanya zamani. "Nimekusamehe, abti," akasema. "Wewe bado kijana."

Nina miaka arobaini na minne. Nilisema ahsante, nikanywa chai yote, nikaaga.

Mke wangu alikuwa mlangoni anaosha mitungi. "Amesema nini?"

"Amenisamehe."

Akaacha kuosha. "Wewe?"

"Mimi."

Alimwaga maji, akachota mengine, akaendelea kusugua mtungi uleule.