Nywila Iliyotumwa Kundini

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na miwili anavuta kiti kwenye chumba cha chanjo cha zahanati, anawasha kompyuta ndogo iliyo juu ya friji na kumwambia muuguzi, "Dada, leo usiniharakishe. Nikiharakishwa nafanya vituko."

Muuguzi anacheka. Katika zahanati ishirini na tatu, wafanyakazi humwita Mama Kontena, na kituko chenyewe wanakijua, maana huwasimulia mwenyewe.

Kazi yake ni kusimika mawakala: programu ndogo zinazosoma joto la friji za chanjo na kupiga kelele likipanda. Kila wakala hufungwa na vikorokoro vyake vyote ndani ya kifurushi kiitwacho kontena, na vifurushi hukaa katika ghala la mtandaoni lisilo la umma. Bila jina na nywila, ghala halifunguki.

"Nilikuwa mtunza stoo ya dawa miaka kumi na mmoja," anasema. "Ufunguo nikiufunga kiunoni, hata bafuni naenda nao. Sasa nywila, kitu kisichoshikika, ndiyo ikaniponyoka."

Ilikuwa Alhamisi, mwaka jana. Kwa haraka aliandika nywila ndani ya faili la maelekezo, akalituma kwenye kundi la simu lenye watu sitini na wawili, wakiwemo mafundi wa nje. Alipogundua, saa mbili zilikuwa zimepita. Hakuna aliyesema neno.

"Nikampigia mume wangu. Akaniambia, 'Futa, mke wangu, unyamaze. Nani kaona?'"

Kufuta alifuta. Kunyamaza kukamshinda. Mtu mwenye nywila ile angeweza kuweka ghalani wakala bandia wa kudai friji ni baridi huku chanjo zinaharibika.

Aligonga mlango wa mkuu wa kitengo. "Bosi, nimeanika nywila ya ghala. Ni mimi."

Mkuu akauliza, "Tukiibadilisha sasa hivi, nini kitazima?"

Hapo ndipo penye ugumu. Kompyuta ikizimika na kuwaka tena hurudi ghalani kuchukua wakala wake. Ikienda na nywila ya zamani, inafukuzwa mlangoni, na friji inabaki bila mlinzi.

Wakaibadilisha hivyo hivyo. Mama Kontena hakubanduka kitini hadi jioni, akiingia kwenye kompyuta za zahanati moja baada ya nyingine kwa mtandao na kuweka nywila mpya. Ijumaa asubuhi ilibaki moja, ya mbali, yenye mtandao wa kusuasua. Umeme ukakatika huko, ukarudi. Wakala akagoma kuamka.

Alimpigia muuguzi mkuu wa pale, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu.

"Mama, friji yako haina macho. Nakuja, ni mwendo wa saa tatu."

"Mwanangu, kabla ya hayo madude yenu nani alikuwa anaangalia? Njoo taratibu."

Alimkuta kwenye stuli mbele ya friji, kipimajoto mkononi, amejaza ukurasa mzima wa daftari: kila robo saa, nyuzi nne, nyuzi tano, nyuzi nne. Kati ya dozi mia sita, hakuna hata moja iliyoharibika.

"Machozi yakanitoka," anasema Mama Kontena. "Akaniambia, 'Funga kwanza hicho kidude, utalia baadaye.'"

Alipewa barua ya onyo, nayo imo kwenye jalada lake hadi leo. Alipewa pia kazi ya kupanga upya mfumo. Sasa kila zahanati ina nywila yake, ya kuchukua tu, si ya kuweka kitu, na haiandikwi tena kwenye faili lolote.

Mwaka huu anawafundisha wauguzi kubadilisha nywila wenyewe, wasimsubiri yeye. Anataka yule muuguzi mkuu awe wa kwanza, kabla hajastaafu mwezi wa kumi.

"Amekubali," anasema, akicheka. "Ila kwa sharti moja: nikae nje, nisimhemee shingoni."