Kamba ya Mwalimu

Juzi, mtaani kwetu Njiro, mwenyekiti alituita tuzungumzie mvua za masika na wazee wanaoishi peke yao. Aliuliza nani atamsaidia mzee yupi kutoka nje maji yakija. Watu wakatazamana, maana nyumba zetu zina kuta ndefu na hatujuani. Mimi niliinamisha kichwa, na si kwa sababu hiyo tu. Nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na wewe, rafiki yangu, ndiye wa kwanza kulisikia.

Nililelewa na bibi yangu kule mtaa wa Themi, hatua chache kutoka mtoni. Bibi alikuwa Mmeru, na wakati wa masika hakuutazama mto, aliutazama mlima. Meru ikifunikwa na wingu jeusi, hata kama mjini jua linawaka, alijua maji yatatufikia. Asubuhi hizo nyumba ilinukia moshi na makande, nami nikawa na kazi zangu: kuwahamisha mbuzi, kusaidia kupandisha gunia la mahindi juu ya meza, kuangalia kama dawa zake za presha zimo kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa ukutani, pamoja na vyeti na kitenge kikavu. Alikuwa akisema miguu yake haiwezi tena kukimbia, kwa hiyo lazima aanze mapema.

Chini yetu kidogo aliishi mwalimu mstaafu, mjane kutoka Machame. Macho yake yalikuwa hayaoni kabisa. Watoto wake walikuwa mbali, naye hakutaka kuondoka kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Basi Bibi na majirani walimfungia kamba ya katani kutoka mlangoni kwake, ikipita kwenye miti ya uzio, hadi kwenye baraza letu lililokuwa juu. Maji yakija, angeishika na kupanda mwenyewe. Kila Jumamosi walifanya mazoezi. Mwalimu alipanda taratibu akihesabu hatua kwa sauti, na akifika Bibi alimpa chai ya maziwa yenye tangawizi, wakaketi wakicheka kama wasichana.

Siku moja mchana Bibi alikwenda sokoni. Rafiki zangu wawili walikuja, tukataka kuruka kamba, na yetu ilikuwa imekatika. Nilijua ile ya katani ni ya nini. Nilikuwa na miaka kumi, siwezi kusingizia utoto. Niliifungua nikijiambia nitairudisha kabla Bibi hajarudi. Tuliruka tukihesabu kwa sauti, jua likiwaka, na sijawahi kuruka vizuri namna ile. Mlima sikuutazama hata mara moja.

Kwanza tulisikia mawe yakibiringika mtoni. Maji ya kahawia yakaingia kwenye migomba, wenzangu wakakimbilia kwao, nami nikabaki barazani na kamba mkononi. Mwalimu akatoka. Nilimwona akinyoosha mkono pale kamba ilipokuwa ikianzia, akapapasa, akapapasa tena. Hakupiga kelele. Nami sikumwita. Niliogopa kwamba nikiita, atajua ni mimi. Akaanza kupanda hivyo hivyo, akihesabu, akapotea njia na kuanguka kwenye michongoma. Waliomtoa ni mafundi wawili waliokuwa wakijenga nyumba ya jirani. Maji yalikuwa yamewafika kifuani. Mikono yake ilikuwa inavuja damu, na nyonga ilikuwa imevunjika.

Bibi aliporudi aliuliza nani amefungua kamba. Mwalimu, akiwa amelazwa kwenye kochi letu akisubiri gari la kumpeleka hospitali, alisema ameifungua mwenyewe ili aanikie nguo. Bibi alipoingia chumbani kumtafutia khanga, Mwalimu aliniita kwa sauti ya chini.

"Ulifika ngapi?"

"Sitini na nane, Mwalimu."

"Nilikusikia. Nilikuwa nahesabu pamoja na wewe."

Watoto wake walikuja kumchukua wakampeleka Machame, wakisema hawezi tena kuishi peke yake. Nyumba yake ikafungwa, kisha ikauzwa.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kwenye mazishi yake. Mwanawe mkubwa alinishukuru mbele ya watu, akasema mama yao alinitaja mara nyingi, yule mtoto mchangamfu wa jirani. Nilisimama, nikazipokea shukrani zile, nikaketi.

Siku hizi napita Themi kwa gari. Ilipokuwa migomba yetu pamejengwa maghorofa, na hakuna anayejua kwamba hapo waliishi wanawake wawili wazee waliofanya mazoezi ya kujiokoa kila Jumamosi, halafu wakanywa chai. Bibi naye amekwenda. Wote waliokuwa na haki ya kunigombeza wamekwisha, nami bado naogopa kugombezwa.