Kihisi cha Waithaka Hulala Ndani

Nilitoka mjini asubuhi kwa sababu tangi la maji la mtaani Waithaka lilikuwa linatudanganya. Tulikuwa tunajaribu vihisi vitatu visivyo na waya. Kila kimoja hukaa kwenye mfuniko wa tangi, kinatazama chini na kupima maji yako umbali gani, kisha kinapeleka habari kwenye mfumo wa ofisi. Maji yakipungua, mfumo wenyewe unaagiza lori la maji. Sasa Waithaka ilikuwa inalia ukame kila usiku, na lori likifika asubuhi linakuta tangi limejaa pomoni.

"Kesho client anakuja," bosi wangu Otieno aliniambia. "Hiyo lori ikitumwa tena bure, hii project imekufa, na contract yako pia."

Muthangari, kwenye tangi la kwanza, nilikuta kila kitu shwari. Mountain View pia.

Mchana nilifika Waithaka kwa bodaboda, kwa Mama Wairimu, mwenye ploti yenye tangi hilo. Alinipa chai na nduma. Nikakagua betri, nikakagua antena, nikamlaani aliyeandika programu, ambaye ni mimi. Sikuona kosa. Nikaamua kungoja.

Jua lilipozama, Mama Wairimu alipanda ngazi, akafungua kihisi, akakibeba hadi sebuleni na kukiweka juu ya kabati. Hapo kilitazama dari, kikaona iko mbali, kikatangaza kwamba maji yamekwisha.

"Mama, unafanya nini?"

"Naingiza. Kuku nimeingiza, nguo nimeanua, na hii ya bei ilale nje? Kwa jirani waliiba hata mfuniko."

"Leo tu, mama. Tafadhali."

"Kiibiwe nikiangalia? Zii."

Nilichoka hata kubishana. Nikafungua laptopu kwenye kochi lake na kuuagiza mfumo usiamini Waithaka tangu jioni hadi kihisi kirudi tangini.

Asubuhi, mjini, mteja aliketi mbele ya skrini. Lori halikuwa limetumwa, lakini Waithaka ilikuwa bado nyekundu. Otieno aliniangalia vibaya. Nikapiga simu, spika ikiwa wazi.

"Mama, kile kihisi?"

"Ngoja nifungulie kuku kwanza."

Tukangoja. Kisha Waithaka ikageuka kijani.

Mteja alicheka hadi akafuta machozi. "Caretaker wa ploti zangu wote wako hivyo," alisema. "Hivi vihisi nitachukua."

Tangu siku hiyo, kabla sijamfungia mtu kihisi, humwuliza kwanza kuku wake huingia saa ngapi.