Nilikata cheti cha ubatizo cha bibi harusi nikifundisha chekechea kutengeneza feni za karatasi

Wakuu, salaam kwenu wote humu ndani.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijakisikia kwa mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea.

Kuna swali liliwahi kuninyima usingizi usiku kucha: niende nikaseme, au niichome ile karatasi moto yaishe? Maana hakuna aliyejua zaidi yangu.

Ngoja nianze mwanzo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado Mkoa wa Rukwa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina digrii yangu kwenye bahasha, ajira hakuna. Nikawa nakaa kwa baba mdogo Mpanda mjini, kila asubuhi najiuliza kama wanaonipita njiani wananicheka.

Katekista mmoja wa vijiji vya milimani, njia ya Mwese, akaja kumwomba baba mdogo kijana wa kumshikia chekechea ya kigango kwa miezi michache. Katekista huyo tumwite Leonsi. Baba mdogo hakuniuliza mara mbili. Nadhani alikuwa amechoka kuniona nimekaa kibarazani nawaza.

Watoto walikuwa ishirini na wawili, miaka minne hadi sita. Wengi walitoka familia zilizokuja kutoka Burundi miaka ya sabini, wakulima, watu wa kanisani sana. Vifaa: ubao mmoja, na chaki kidogo.

Nikaamua tutengeneze vitu vya karatasi. Kofia, ndege, minyororo ya kupamba ukuta, na feni. Feni mnaijua: unachukua karatasi ya mraba, unaikata kutoka kila kona kuelekea katikati bila kufika, unakunja ncha nne, unachoma mwiba pale kati, unaupachika kwenye bua la mtama. Mtoto akikimbia nayo, inazunguka.

Sasa mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Mkasi niliazima kwa fundi cherehani, nikawaza watajikata, kwa hiyo kukata nikakata mwenyewe. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo, nikawaza wataula. (Waliula.) Niliwaza kila kitu isipokuwa karatasi zenyewe.

Nilichofanya ni kuwaambia watoto: kesho kila mtu aje na karatasi kutoka nyumbani.

Wakuu, mtu mwenye digrii ndiye aliyesema hivyo. Nyumba za pale hazikuwa na karatasi za kuchezea. Daftari likiisha, linafungiwa karanga au linawashiwa moto. Karatasi inayobaki ndani ya nyumba ni ile iliyofichwa.

Jumatano wakaja nazo. Nikakusanya lundo, nikaanza kukata, sisomi, nawahi kabla hawajaanza kulia. Domina, kabinti ka miaka mitano, alileta kadi ngumu ya rangi ya maziwa. Niliikata mraba, kipande cha chini nikakitupia kwenye vipande vya minyororo. Feni yake ilizunguka kuliko zote. Nikaisifu mbele ya wenzake, nikaitundika ukutani. Nilijiona mwalimu kweli.

Alhamisi Domina hakuja. Leonsi akapita akanisimulia, kama habari ya kawaida tu, kwamba kwa bibi yake Domina wamepindua nyumba nzima. Spesi, shangazi wa mtoto, anafunga ndoa Jumamosi, na cheti chake cha ubatizo hakionekani. Alibatizwa mchanga huko Burundi, mwaka huohuo familia ikakimbia. Kuandika barua kuomba kingine haiwezekani, kule kuna vita, na lile kanisa walisikia limeungua. Padri wa kutoka Mpanda bila cheti hafungishi. Na akiondoka, mvua zikianza, gari halipandi tena mpaka ziishe. Wanaoijua barabara ile wananielewa.

Nilimjibu "pole yao". Alipoondoka nikaitazama ile feni ukutani.

Niliishusha, nikakunjua ncha. Herufi za kalamu ya wino, jina la Spesioza limekatwa katikati, tundu la mwiba juu ya tarehe.

Hapo ndipo mawazo yalipoanza. Nikisema, harusi ikivunjika, lawama ni yangu. Baba mdogo ataaibika. Watoto watatolewa shule. Nisiposema, watamchapa Domina, au watadhani panya. Panya hana digrii. Nilifika mpaka kukaa mbele ya jiko na ile kadi mkononi.

Kilichonizuia si ushujaa. Niliona haijapotea. Imekatwa tu, kila kipande kipo, isipokuwa kile cha chini.

Ijumaa, watoto walipoondoka, nikaanza kufumua minyororo, kitanzi kimoja baada ya kingine. Vitanzi zaidi ya mia, vyote vimegandishwa kwa muhogo. Naloweka kwa maji, navuta taratibu. Nilikuwa karibu na mwisho nilipoona kipande cha rangi ya maziwa chenye muhuri wa zambarau na sahihi ya padri. Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Nikaenda kwenye zahanati iliyokuwa inajengwa, nikaomba mfuko mtupu wa saruji. Nikakung'uta, nikakata kipande, nikapanga kadi juu yake kona kwa kona, nikagandisha kwa uji uleule wa muhogo. Nikaikausha juani. Halafu nikaenda, kabla sijapata muda wa kuwaza tena.

Mama yake Spesi alikuwa uani anachambua maharage. Spesi alikuwa amekaa mlangoni, macho mekundu. Nilitoa kadi, nikasema yote bila kupumzika, pamoja na ile habari ya jiko, ambayo hakuna aliyeniuliza.

Mama aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mistari ya mikato.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi, "hii nimevuka nayo mto Malagarasi kwenye kitenge. Ililowa, ikakauka. Mkasi wako ni nini?"

Spesi naye akapata sauti. "Mwalimu, umesoma mpaka chuo kikuu, karatasi moja ikakushinda kusoma?"

Wakacheka wote wawili, na mimi nikajikuta nacheka. Nikaomba jambo moja tu, Domina asichapwe. Mama akasema Domina alishachapwa jana kwa kushukiwa tu, kwa hiyo mwalimu atafute namna ya kumlipa. Nilimlipa feni tatu.

Jumamosi Leonsi alinipeleka mwenyewe kwa padri nikaeleze. Padri aliisoma, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akauliza nani ameibandika. Nikasema mimi. Akasema imebandikwa vizuri, akafungua kitabu chake cha ndoa akaandika. Sijawahi kushusha pumzi ndefu vile, hata siku nilipopata ajira.

Tangu siku ile sikumwambia tena mtoto alete kitu kutoka nyumbani. Nilikuwa nakwenda zahanati kila wiki kuchukua mifuko ya saruji, na hakuna feni inayozunguka kama ya mfuko wa saruji.

Nilichojifunza: kosa ulilolificha hukurudia kichwani kwa miaka, kosa ulilolisema linaisha siku ileile watu wakicheka. Nilipoteza siku mbili kwa kitu kilichochukua dakika tano.

Spesi bado anacho kile cheti. Upande wa nyuma unasomeka KILO 50, na huwa anawaambia wajukuu alibatizwa kwa uzito huo.

Wakuu wenye watoto wa chekechea, nyie mnawapa karatasi gani? Na aliyewahi kukata kisichokatwa, aseme hapa, tuko wengi. Ila kabla hujashika mkasi, soma mbele na nyuma.