Kadi Iliyotoa Siri ya Uani

Sina roho nzuri, na hii niliyonayo nimeshaizoea. Mtu akinikosea nanyamaza, lakini sisahau. Anayetaka habari za kusameheana aende kwa jirani yangu, yeye ndiye hodari wa hayo.

Naishi Nachingwea, na kazi yangu ni kupiga muziki kwenye shughuli. Ufuta ukishauzwa mpaka korosho zianze kudondoka, harusi hazinikosi. Wanaume wenye spika wako tele, ila wao mwisho wao uwanjani. Mimi ni mwanamke na nimechezwa unyago, kwa hiyo naingia mpaka uani, kule mwali anakofundwa, ambako mwanaume hakanyagi. Nilinunua saundi kadi ya nje, kile kidude cha plastiki cha bei ya chini kinachochomekwa kwenye laptop, chenye matundu kadhaa ya kutolea sauti. Tundu la kijani lilipeleka muziki kwa wageni uwanjani. Tundu jeusi lilipeleka uani sauti ya maiki ya kungwi, kwenye spika ndogo, maana kungwi wetu amezeeka na sauti haimtoki tena. Nje wanacheza, ndani wanafundana, na ya ndani yanabaki ndani.

Siku ya harusi moja kijijini Ruponda nilishirikiana na fundi mmoja wa Ruangwa, mwenye spika kubwa na jenereta. Nilijaribu kila kitu, kikawa sawa, nikamwacha yeye mezani kwenye laptop, nikaingia uani kumshikisha kungwi maiki. Kungwi akaanza. Haikupita dakika nikasikia uwanja mzima umenyamaza. Loh! Maneno ya uani yalikuwa yanatokea kwenye spika kubwa, mbele ya wanaume wote, na baba mkwe mtarajiwa kashika sahani yake ya pilau hajui aangalie wapi.

Nilitoka mbio nikazima. Fundi akasimama mbele za watu akasema, "Si niliwaambia? Mambo ya waya siyo ya kina dada." Watu wakacheka. Kungwi hakucheka. Alinifuata hadi kwenye gari.

"Uani kwangu usiingie tena," akasema. "Na mdogo wako mtafutieni mtu mwingine wa kumfunda."

Hapo ndipo aliponikata maini. Mdogo wangu alikuwa amebakiza miezi miwili aolewe. Kungwi yule alimfunda mama yetu, akanifunda mimi, na mama kabla hajafa alimkabidhi yule mdogo kwa mdomo wake mwenyewe. Mdogo wangu alilia siku tatu, hasemi nami. Shughuli zote zikahamia kwa fundi wa Ruangwa. Akanunua kadi kama yangu ileile.

Mimi nikajifungia na kidude changu. Nilirekodi sauti yangu ikihesabu: "moja" iende tundu la kijani, "mbili" iende jeusi. Nikavaa hedifoni, nikawa nachomeka tundu hadi tundu. Kijani moja, jeusi mbili. Nikabadilisha waya, vilevile. Wiki nzima kadi inanijibu vizuri kama mtoto aliyevunja sahani. Nilitamani kuitia kwenye kinu.

Siku moja tundu la USB la kushoto lilikuwa na flashi, nikaichomeka kadi kulia. Ala! Moja na mbili zikatoka pamoja, matundu yote. Nikairudisha kushoto, zikaachana. Kulia, zikachanganyika. Nilirudia mara kumi. Kumbe laptop inakumbuka mpangilio wa kadi kwa tundu lilelile ulimoipangia. Ukiihamisha inaiona ngeni, inairudisha kwenye njia mbili za kawaida na kumwaga kila kitu pamoja.

Nikakumbuka. Siku ile ya Ruponda, nilipokimbilia mezani, tundu la kushoto lilikuwa na waya wa kuchajia simu. Simu ya fundi.

Sikumwambia mtu. Nani angeniamini kwa habari za tundu? Nikangoja, na chuki yangu nikailisha vizuri.

Haukupita mwezi akanipigia mwenyewe. Alikuwa na harusi kwao Ruangwa, kungwi ni yuleyule, wanawake wameshaingia uani, na kadi yake inachanganya sauti. "Dada, nakuomba. Kungwi akisikia nimekwisha." Mtenda akitendewa. Nilipanda basi huku naimba.

Nilimkuta mezani kando ya jenereta linalonguruma, jasho linamtoka, spika zote kazizima kwa woga. Nikaangalia kadi. Ugonjwa uleule, dakika moja tu ya kutibu. Sikuutibu.

"Fundi," nikasema, "hili ndilo lililonipata Ruponda, na wewe ndiye uliyekuwa mezani. Vaa hedifoni, nakuwekea muziki. Shika maiki, unieleze kila ulichogusa siku ile, bila kukatisha. Sauti yako ikiingia kwenye muziki, nyoosha mkono, nijue ugonjwa ulipo."

"Usije ukanisema kwa watu."

"Tuko wawili hapa."

Akavaa. Nikampandishia muziki masikioni, kisha nikawasha amplifaya zote mbili, ya uwanjani na ya uani. Mtu mwenye hedifoni hupiga kelele bila kujijua. Akasema, na Ruangwa ikasikia:

"Mi nilichomoa kadi yako nichaji simu! Nikairudisha tundu la pembeni! Mambo yalipoharibika nikakaa kimya, nikasema lawama abebe yule mwanamke, mi nipate kazi!"

Wageni wakageuka wote. Yeye akanyoosha mkono, anatabasamu, akidhani tumeupata ugonjwa. Nilimwacha atabasamu kidogo. Utamu niliousikia siwezi kuueleza. Kisha nikazima muziki, nikamvua hedifoni ili asikie kimya chenyewe.

Kadi nikaipangia upya, kijani nje, jeusi uani, nikamwachia bila kumdai shukrani. Mlango wa uani ukafunguliwa, kungwi akatoka na fimbo yake mpaka mezani. Hakumtazama fundi. Mimi ndiye niliyetazamwa.

"Ulijua kwamba tunasikia?"

"Nilijua, bibi."

"Na ungeweza kuja kwangu ukaniambia tu."

"Ningeweza."

Alinitazama mpaka nikaona haya, nami si mwepesi wa kuona haya.

"Mlete mdogo wako Ijumaa," akasema. "Nitamfunda mimi. Wewe utamfikisha mlangoni, utaketi nje. Hiyo roho yako sitaki aiige."

Ijumaa nilimfikisha mlangoni, nikaketi nje na wanaume.