Vituo Vilivyozaana

Natengeneza ramani ya tuktuk za Diani kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Kila nilipoihifadhi, nikaifungua na kuongeza njia, vituo vilijirudia. Nikamshuku Mwanasha, ninayetumia naye kompyuta. Hata mahamri yake niliyakataa, nikisingizia nimefunga.

Juzi alikwenda matangani Msambweni. Nikabadilisha nywila, nikamwita bosi ashuhudie kwamba bila Mwanasha vituo havijirudii. Akaja na sambusa, tukawa tunakula huku tukijaribu. Nikahifadhi, nikafungua, nikaongeza njia: vituo viwili viwili!

Kumbe faili iligeuza namba za vituo kuwa maandishi, nami niliendelea kuongeza namba, hivyo kompyuta ikaona kila kituo kuwa viwili tofauti.

“Mwanasha ametuhujumu kutoka matangani?” bosi akauliza.

Kabla ya magharibi, mlango ukafunguliwa. “Kaka Otieno, nimekuletea futari. Mungu akutakabalie saumu yako,” alisema Mwanasha.

Sambusa ilikuwa bado mdomoni mwangu.