Tulipoifundisha Kompyuta Kiswahili

Nilikuwa naendesha saiba, duka la intaneti, pale Kawangware 46, chumba kimoja chenye kompyuta kuukuu zinazonguruma kama posho mill ikisaga mahindi. Rafiki yangu wa tangu shule alikuwa Kibera, akifundisha kina mama kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa. Mchana kutwa tulipiga gumzo kwa programu ndogo ya ujumbe, ile ya bure ambayo undani wake uko wazi: yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Sisi hatukujua kuunda programu. Lakini siku moja akaniandikia:

"Niaje. Unajua hii kitu inaweza ongea Kiswahili? Wanatafuta watu wa kutafsiri."

"Wanataka digrii?"

"Wanataka watu wenye mdomo."

Mdomo tulikuwa nao. Tukaanza. Maneno mengi yalikuwa rahisi kama kunywa maji, mpaka tukafika kwenye "away", lile linalojitokeza chini ya jina la mtu akikaa muda bila kugusa kompyuta yake. Tukaandika "Yuko mbali" na kuendelea.

Toleo lenye Kiswahili chetu lilipotoka, tuliliweka kila mmoja kwake. Katika darasa la rafiki yangu kulikuwa na fundi wa cherehani, mama mpole sana, na dada yake mkubwa aliuza mitumba hatua chache kutoka saiba yangu. Tukaona tuwakutanishe kwenye programu. Dada mkubwa akaja, akajipangusa mikono kwenye leso, akaketi. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, habari ndefu kuhusu goti la mama yao huko nyumbani magharibi. Kule Kibera mdogo wake akangoja, mikono mapajani. Alingoja mpaka kioo cha dada yake kikatangaza: Yuko mbali.

Dada mkubwa akanigeukia. "Mbali wapi?"

"Hapana, mama, yuko tu hapo Kibera."

"Wee! Si imeandikwa hapa? Mimi naongea juu ya goti la mama, yeye ameenda zake?"

Akatoa simu, akapiga. "Uko wapi?"

"Niko class."

"Usinidanganye! Kompyuta imesema uko mbali."

Sauti ya yule mpole ikajaza saiba nzima. "Mimi? Sijatoka kwa hii kiti! Uliza mwalimu! Na nani ameambia hiyo mashine ianze kunisema?"

Nilitoka nje nikacheka huko, maana ndani nisingeweza. Lakini niliporudi nikamkuta dada mkubwa machozi yanamlenga, na kicheko kikaniisha. Nikamweleza kwamba kosa ni la tafsiri, na aliyetafsiri ni mimi. Akanitazama kwa huruma. "Basi rekebisha, mtoto wangu."

Nikamwandikia rafiki yangu. "Tumeharibu."

"Nimeskia. Class nzima inataka kujua nani anawachunga."

"Tuweke 'Hayupo'?"

"Hiyo ni kama amekufa."

"'Amepumzika'?"

"Sasa umemzika kabisa."

Kisha kioo kikaniambia kwamba naye yuko mbali. Nikangoja. Hatimaye akarudi: "Nilikuwa nasaidia mtu na printa. Weka tu 'Hajagusa kompyuta'."

"Ni refu."

"Ni kweli."

Tukalituma. Mhakiki wa tafsiri, bwana mmoja wa Tanga mwenye Kiswahili cha kunyooshwa kwa pasi, akatuuliza kwa upole kama hatungependa neno lenye staha zaidi. Tukamsimulia habari ya wale dada wawili. Akajibu: "Nimelipitisha. Nisalimieni hao kina mama, na huyo mgonjwa wa goti apoe."

Salamu nilizifikisha. Dada mkubwa akawa mteja wangu wa mchana, soko likipoa. Kioo kikimwambia kwamba mdogo wake hajagusa kompyuta, hakupiga simu tena. Aliandika kwa kile kidole chake kimoja, kwa herufi kubwa: GUSA!